Sufuria Moja

Nikiyeyusha nta ya mishumaa siku hizi, naiweka kwenye sufuria yake maalumu, ndani ya maji ya moto, isiungue. Lakini harufu ni ileile ya jikoni kwetu.

Mwaka mmoja, nikiwa mtoto, mvua zilikatika mapema, uwele ukakauka shambani. Mama akaamua kutengeneza mishumaa ya kuuza, akabandika nta ya mizinga ya baba kwenye sufuria yetu pekee.

"Mama, na ugali tutapikia nini?"

"Leo haina kazi nyingine," akajibu bila kunitazama.

Mdogo wangu alisikia mwiko ukigonga sufuria. Akaja na sahani yake, akaketi karibu na moto, akasubiri ugali.

Nta ilikuwa imeshayeyuka yote. Mama akaendelea kukoroga.