Kagure Alivyompa Ndama Jina Lake

Mimi Ngendo nimekaa na Warigia kule Wamagana, ua mmoja tu katikati, kwa hivyo nisibishiwe. Mwaka wa sabini na tatu alikuwa na miaka thelathini na miwili, hana mtoto, na hedhi imekatika kama ya nyanya. Daktari wa Nyeri alimweleza bila kuzunguka: mayai yake yamechoka mapema. Wachache hushika mimba hata hivyo, lakini asikae akingoja.

Aliyekuwa akingoja ni mama mkwe, Kagure. Kwetu binti wa kwanza hupewa jina la mama wa baba, na Theuri, mume wa Warigia, ndiye mtoto wake wa pekee. Jina lingepotelea hapo. Kagure akakasirika, akampa ndama jina lake mwenyewe. "Huyu angalau atazaa," akasema, Warigia akiwa papo hapo. Mimi ningemmwagia uji.

Ndama akakua, akazaa, na wa kumkamua ni nani? Warigia. Basi kila asubuhi tukasikia: "Kagure, simama, mzee mjinga wewe. Toa huo mguu. Kula unajua, kazi hutaki." Ng'ombe akazoea, bila matusi hatoi maziwa. Mama mkwe alisikia yote akinywa chai yake. Jina alilitoa mwenyewe.

Mwaka wa sabini na saba tumbo la Warigia likaanza kujaa. Tuliogopa uvimbe. Nilimsindikiza Nyeri nikiomba Mungu njia nzima. Daktari akasikiliza tumbo, akapangusa chombo chake, akasikiliza tena.

"Mama," akasema, "hii uvimbe iko na moyo, na inapiga."

Akazaliwa msichana, akaitwa Kagure, mila ni mila. Siku aliyorudi Warigia kukamua, ulimi ulimgomea. Atalitukanaje jina la mtoto wake? Alikamua kimya, na ng'ombe akazuia maziwa yote.

Mama mkwe akaja na mkongojo wake, akasimama mbele ya ng'ombe.

"Kagure, mzee mjinga wewe," akasema. "Mdomo mrefu, subira huna. Umeumiza mtoto wa watu miaka minne." Akampigapiga ng'ombe shingoni. "Sasa toa maziwa, huyu mama ananyonyesha."

Maziwa yakashuka. Warigia alikamua huku akilia mpaka ndoo ikajaa.