Picha Isiyokuwa na Safu ya Mbele

Kuna siku moja, mwanangu, ambayo sijaweza kuikumbuka bila kuinamisha kichwa. Ilikuwa Jumamosi, katikati ya miaka ya tisini, hapa Kisumu, kwenye uwanja wetu wa raga. Nyasi zilikuwa zimekatwa, viti vimepangwa mbele ya jumba la klabu, nami nimevaa suti ya kuazima, nazunguka kiti kimoja baada ya kingine nikivinyoosha. Kiti nikishakisogeza, narudi nyuma, nakitazama, kisha nakisogeza tena.

Umeniambia kwamba wewe na wenzako mnataka kuwaheshimu wachezaji wakubwa wa zamani wa klabu. Nimefurahi. Pia nimeingiwa na hofu, kwa sababu sisi tuliwahi kulifanya jambo hilohilo, na karani wa shughuli hiyo nilikuwa mimi. Kwa hiyo kaa kidogo, unisikilize.

Kwanza ujue nilikuwa kijana wa namna gani. Nilizaliwa Port Victoria, mama yangu akiuza samaki. Shule niliiacha njiani. Mengine yote nilijifunza mwenyewe, kupiga taipu, kuchora herufi za ubaoni, hata sheria za raga nilizisoma katika kijitabu kilichokuwa kimenyofoka kurasa za mwisho, na kuna sheria ambazo kwa miaka kadhaa sikujua kama zipo. Mtu aliyejifunza peke yake hutembea na wasiwasi. Kila mahali hudhani kuna jambo ambalo wenzake wote wanalijua ila yeye. Nilipokuwa nikichora majina kwenye ubao wa heshima wa klabu, katika chumba changu kule Obunga, herufi ikiegemea kidogo tu niliikwangua na kuanza upya. Watu walinisifu wakisema kijana huyu ni makini. Haukuwa umakini, mwanangu. Ilikuwa hofu ya kuchekwa.

Wachezaji tuliotaka kuwaheshimu ni wale wa miaka ya themanini, na katika wote hao, watatu walikuwa juu ya wengine. Ni wale wa safu ya mbele ya skramu, pale timu mbili zinapoinama na kusukumana kama mafahali. Namba Moja alikuwa Ochieng', ambaye hadi leo tunamwita Kapteni. Namba Tatu alikuwa Wanjala, mfanyabiashara wa omena, wale dagaa wa ziwani, mtu wa mzaha mwingi. Katikati yao alikuwa Namba Mbili, Opiyo wa Kisian. Kazi ya namba mbili ni ya ajabu kidogo. Mikono yake miwili huwashika wenzake juu ya mabega, naye huning'inia katikati yao, kisha hutumia mguu kuuvuta mpira nyuma. Hana mkono wa kujikinga. Wale wawili wakimwachilia, uso wake ndio unaofika chini kwanza. Kwa hiyo namba mbili huwaamini wenzake, la sivyo hachezi.

Opiyo ndiye aliyenifundisha mazoezini, mimi karani wa klabu, kurusha mpira pembeni mwa uwanja. Nilikuwa nikiushika, naugeuza, nafuta matope, natafuta mshono wake, hata wenzangu wanaanza kunung'unika.

“Karani,” akaniambia siku moja, “huo ni mpira, si barua ya serikali. Tupa.”

Nilitupa, ukapotoka. Akacheka, akaenda kuuchukua mwenyewe. Hakunicheka mimi, alicheka tu, na tofauti hiyo nilikuwa sijawahi kuionja kwa mtu mzima.

Basi, kamati ilipopanga siku ya heshima, nilitumwa Kisian kumwalika. Nilikuwa sijamwona kwa miezi. Nilimkuta amekaa kwenye ngozi ya ng'ombe mlangoni, amejifunika blanketi saa za jua kali. Yule mtu wa shingo kama gogo alikuwa amebaki macho na mifupa. Ni ugonjwa ule ambao siku hizo hatukuutaja kwa jina. Wengine walisema ni chira, kwamba amevunja mwiko fulani wa ukoo. Wengine walinyamaza tu na kuacha kumtembelea, na kunyamaza kwao kulisema zaidi. Wahenga walinena kwamba mficha maradhi kifo humuumbua, lakini mwanangu, siku zile waliokuwa wakiyaficha zaidi si wagonjwa. Ni sisi tuliokuwa wazima.

Opiyo alifurahi mno. Alimwita mama yake aliyekuwa ndani, akamwambia aitafute jezi yake ya zamani aifue.

Nikarudi mjini nikaieleza kamati hali yake. Mwenyekiti, bwana mmoja mpole wa benki, alivua miwani akaifuta kwa muda mrefu.

“Kuna wageni kutoka Nairobi,” akasema. “Kuna picha. Watu watamkodolea macho. Si afadhali tumwache apumzike? Jina lake liko ubaoni, heshima si ameshapata?”

Hakuna aliyebisha. Nami sikubisha. Nitakueleza ukweli ambao sikuwaeleza wao. Nilipata nafuu moyoni. Nilikuwa nimeipanga picha ile kichwani kwa wiki nyingi, nani akae, nani asimame, mikono iwekwe wapi, na tangu nilipomwona Opiyo sikujua nimweke wapi. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Nje nilikuwa napanga heshima, ndani nilikuwa nalinda picha.

Nikatumwa tena Kisian. Nilimwambia siku ya heshima imeahirishwa.

Opiyo alijivutia blanketi. “Ni sawa,” akasema. “Si vibaya. Kufikia hapo nitakuwa nimenenepa kidogo.”

Mama yake aliniletea uji. Niliunywa wote, maana sikuwa na ujasiri wa kuukataa.

Sasa ndiyo ile Jumamosi. Wageni wameketi, mpiga picha ameshasimamisha kamera yake na kututangazia kwamba ana arusi ya kwenda. Kapteni na Wanjala wakafika katika pikapu ya omena, wamevaa tai. Wanjala akaanza mzaha palepale.

“Karani, hivi viti umevipima kwa rula? Nikikalia kimoja kikapinda utanitoza faini?”

Watu wakacheka. Kapteni hakucheka. Alikuwa anatazama safu ya mbele, kiti cha kwanza kina jina lake, cha pili kina jina la Wanjala.

“Namba Mbili ako wapi?” akauliza.

Mwenyekiti akamvuta kando, akamnong'oneza. Niliona shingo ya Kapteni ikikaza. Kisha akaja kwangu, si kwa mwenyekiti, kwangu mimi, akasimama karibu sana.

“Nani alienda kumwambia?”

“Ni mimi, Kapteni.”

“Ulimwambia nini?”

Nikamwambia. Hakupandisha sauti. Laiti angepandisha.

“Wewe umesoma sheria za huu mchezo kuliko sisi wote,” akasema. “Niambie. Mtu wetu akianguka chini na mpira, tunafanya nini?”

“Tunakwenda juu yake, Kapteni.”

“Tunakwenda kumwangalia?”

“Hapana. Tunasimama juu yake. Tunamkinga hadi mpira utoke.”

“Na yeye tunamwacha?”

“Hapana, Kapteni.”

“Opiyo ameanguka,” akasema. “Nyinyi mmechukua mpira mkakimbia nao. Jina lake mmelitaka, sifa zake mmezitaka. Yeye mwenyewe mmemwachia viatu vya watu vimkanyage.”

Nikaomba niende nao kumleta. Wanjala, ambaye sikuwahi kumwona bila tabasamu, alikuwa ameshawasha gari.

“Baki na viti vyako,” akaniambia.

Wakaondoka. Mpiga picha alisubiri kidogo, akatazama saa yake, akasema arusi haiwezi kungoja hadi maharusi wazeeke. Mwenyekiti akaniangalia, nami nikaangalia chini. Tukapiga picha. Ipo hadi leo ukutani pale klabuni, umeipita mara nyingi. Kila mtu amekaa wima, mikono juu ya magoti, tai zimenyooka. Ila haina safu ya mbele. Wanaume bora kuliko wote waliowahi kuivaa jezi yetu hawamo, na mbele pana viti viwili vitupu ambavyo nilivipanga mimi.

Jua lilikuwa limeanza kulegea pikapu iliporudi. Wageni wa Nairobi walikuwa wanakunywa soda. Kapteni akashuka upande mmoja, Wanjala upande wa pili, wakamteremsha Opiyo katikati yao. Alikuwa amevaa jezi yake, imefuliwa, imepigwa pasi, inampwaya kama nguo iliyoanikwa kwenye kamba. Miguu haikuwa na nguvu. Lakini mikono yake waliipitisha juu ya mabega yao, nao wakamshika kiunoni kwa mikono yao ya ndani, kama walivyomshika kwa miaka yote ile, wakaja naye uwanjani polepole. Mtu asiyejua angedhani ni wachezaji watatu wa zamani wanaigiza skramu kuwachekesha watu. Sisi tuliojua hatukuweza kupiga makofi. Wageni ndio walioanza, wakidhani ni sehemu ya sherehe, na makofi yale yaliniumiza kuliko kimya chetu.

“Wanjala,” Opiyo alikuwa akisema, huku akihema, “omera, ndugu yangu, hii gari yako inanuka omena hadi jezi imeshika.”

“Nyamaza, usukume,” Wanjala akamjibu, na machozi yanamtoka waziwazi mbele ya watu.

Walipofika kwangu wakasimama. Opiyo akaniinulia uso.

“Karani,” akasema, “kumbe siku ilirudishwa.”

Nikafungua mdomo. Nilikuwa na maneno, lakini nilitaka yawe maneno yanayofaa, yasiyo na kasoro, yanayolingana na kosa. Nikawa nayatafuta. Yeye akanisubiri kidogo, kisha akatikisa kichwa kwa upole, kama mtu anayemsamehe mtoto aliyesahau shairi, wakaendelea naye. Walimkalisha kwenye kiti cha Kapteni. Kapteni mwenyewe alisimama nyuma yake jioni nzima, mkono begani mwake.

Nilijiambia nitakwenda Kisian nikamwombe msamaha ipasavyo. Nilianza kuyapanga maneno. Wiki ikapita, ikapita nyingine. Kila nilichokipanga kilikuwa na mahali pamelegea, nikakirudia. Mvua za masika zilipoanza, Wanjala alisimamisha gari lake mbele ya chumba changu Obunga, hakushuka, akasema tu, “Namba Mbili ametuacha.”

Mazishini watu walijaa kuliko siku yoyote ya mechi. Kipaza sauti kilizunguka. Mwenyekiti alimsifu vizuri sana. Wengine walisema hajawahi kutokea mchezaji kama yeye kandokando ya ziwa hili, na ilikuwa kweli. Kapteni alipopewa zamu yake alikishika kile kipaza sauti, akatutazama.

“Maneno matamu hivi,” akasema, “mlikuwa mmeyaweka wapi?”

Akakirudisha, akaenda kusimama karibu na mama yake Opiyo. Mimi nilikuwa na karatasi ya sifa mfukoni, nimeitaipu vizuri. Sikuitoa. Yule mama alinishika mkono, akaniuliza kama nimekula. Sijui kama aliwahi kujua nilichokifanya. Sikumuuliza, na sasa yeye naye hayupo.

Ndiyo maana nakwambia, mwanangu, maji yakimwagika hayazoleki. Mmenijia mkitaka niwasaidie kuchagua nani alikuwa mkubwa na nani aandikwe juu ya nani. Nitawasaidia, lakini kwanza tafuteni nani bado anapumua. Nendeni nyumbani kwao. Kuna mmoja ana kisukari, amekatwa mguu. Mwingine pombe imemshinda, atawatukana mkifika; nendeni hivyohivyo. Msimwambie yeyote asubiri apone, anyoe, au apate viatu. Ninyi ndio mtakaomshika asianguke. Mtu akifunga mlango kwa sababu ya aibu, bisheni mara ya pili. Ikiwa picha itapinda, ipinde. Ikiwa hotuba itakwama, semeni mlicho nacho, hata kama ni neno moja la Kiswahili kibovu. Watu husema mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na kuitumia methali hiyo kuwa wachoyo wa sifa kwa walio hai. Mimi sijawahi kuona mtu mgonjwa aliyeharibiwa na kusifiwa.

Na wewe hasa, ambaye nakuona unavyouma kucha unapoandika, ambaye hurudia barua hadi siku yake ipite, nakujua. Ulivyo ndivyo nilivyokuwa. Kuogopa kukosea kunaweza kuwa ukatili, ingawa kunavaa nguo safi. Aliyeumizwa nawe hahitaji maneno yaliyonyooka. Nenda kwake leo, hata mikono ikitetemeka.

Mungu akupe moyo mwepesi kuliko wangu. Akupe wenzako wa kukushika mabega siku miguu yako itakapokataa, nawe akujalie usiwe mzito siku zamu yako ya kushika itakapofika. Uende salama, mwanangu, na mlango wa kwanza utakaoubisha usiwe umeuchelewa.