Siku Niliyosikia "Zima" Nikaongeza Umeme

Chekeni tu, nimeshazoea. Hadi leo nikifika Garissa kuna wazee wanaoniita Mguu Zima, na sina la kujitetea.

Ilikuwa siku zile za vita vya shifta, nami nimetoka chuoni juzijuzi, nimeletwa hospitalini pale na mashine ndogo ya betri ya kushtua misuli kwa umeme. Mgonjwa wangu alikuwa Abdullahi, mchunga ngamia aliyepigwa risasi ya mgongo akiwa kisimani, hana hisia kuanzia kiunoni kwenda chini. Wanajeshi walimshuku kuwa shifta, yaani mwasi, ila walimwacha kitandani kwa sababu moja tu, kwamba hawezi kutembea. (Sajini mmoja aliwekwa mlangoni kumlinda, sijui walidhani atatoroka na nini.)

Mashine ile haikuwa ya kumponya, ilikuwa ya kuzuia misuli isinyauke, lakini mimi na ujana wangu na koti langu jeupe nikaona heri wodi nzima ione, nikafungua mlango, nikamkaribisha hata sajini, nikamkalisha Abdullahi ukingoni mwa kitanda miguu ikining'inia, nikamfunga pajani vitambaa vya maji ya chumvi vyenye nyaya za mashine, beseni la maji hayo nikaliacha palepale mbele yake, nikawasha. Goti likacheza. Mkewe, Mama Habiba, akapiga kelele, "Zima, dagtari! Zima!" Basi mimi, kwa kujifanya nimekielewa Kiswahili cha pale (mguu mzima kwao ni "mguu zima"), nikajua anashangilia, nikamjibu, "Naam mama, mzima kabisa!" nikaongeza umeme. Kumbe mama alishamwona sajini anavyokodoa macho, anataka niizime mashine.

Mguu ukaruka, ukalipiga beseni, na maji yote yakaishia mbele ya suruali ya sajini, pale pasipofaa.

"Kumbe unaweza kurusha teke!" akasema sajini. "Vaa viatu, twende."

Abdullahi alikuwa akiutazama mguu wake kama wa mtu mwingine. "Wallahi si mimi, afande. Mimi sikubiga."

Hapo niliogopa kweli, maana waliochukuliwa hatukuwa tukiwaona tena. Nikasema afande, ni mashine, ngoja nikuonyeshe, ikabidi nivue suruali mbele ya wodi nzima (chupi yenyewe ilishonwa kwa mfuko wa unga, maandishi bado yanasomeka), nikajifunga vitambaa, nikamwomba Mama Habiba azungushe swichi taratibu. Akazungusha, si taratibu. Mguu ukaanza kurusha mateke wenyewe, mimi nimeng'ang'ania kitanda, nalia, "Zima, mama! Zima!"

Akanitazama bila kutabasamu. "Haye, dagtari. Mguu zima kabisa." Akaongeza.

Sajini alicheka mpaka akakaa sakafuni, kisha akarudi mlangoni pake, na Abdullahi akabaki kitandani. Mimi nikaapa kwamba mtu akitamka "zima" nazima kwanza, maana yake nitauliza baadaye. Mguu ule sikuwahi kuuona ukicheza bila mashine, lakini yeye alipenda sana kuutazama, na kila asubuhi kabla sijawasha aliniomba jambo lilelile.

"Funga mlango, dagtari."