Mjomba Mwenye Taa

Fikirini wa Newala alipata alama kumi na nne kwa mia katika mtihani wake wa mwisho wa Kiingereza. Mwalimu Ethel aliyemfundisha, na ambaye sasa amestaafu yuko kwao Lulindi, alimwambia mbele ya darasa zima kwamba hata hizo kumi na nne zimepatikana kwa huruma ya mwandiko. Leo hii Fikirini ndiye mkalimani anayetegemewa kuliko wote hapa mtaani kwetu Mkomaindo. Msiniulize mimi, ndivyo mambo yalivyo.

Ana kibanda cha gemu nyuma ya wauza mihogo, chenye turubai jeusi mlangoni, televisheni moja na mabenchi manne. Vibanda vingine watu huenda kucheza mpira. Kwa Fikirini huenda kusikiliza. Gemu ni lile lile moja, la giza na risasi: mtu anatembea kwenye mahandaki chini ya mji uliobomoka, na uso wake huuoni, unaona mikono tu na bunduki. Mmoja anacheza, arobaini wanatazama, Fikirini kashika maikrofoni anaeleza kinachosemwa. Kiingereza chenyewe kinakwenda mbio. Yeye hukamata neno moja kati ya kumi, na yale tisa huyajaza mwenyewe.

Huyo mwenye mikono, Fikirini alimpa jina la Alfredi. Wiki ile ya kwanza kabisa Mzee Awadhi, fundi baiskeli, mtu asiyependa kuachwa nyuma na jambo, akauliza, "Huyu Alfredi kashuka huko chini peke yake? Mjomba wake kaambiwa?"

Jasho likamtoka Fikirini. Mtu wa huku haposi mke bila mjomba kujua, sembuse kwenda vitani. Bahati nzuri, mwisho wa handaki akapita mtu mrefu wa koti, kabeba taa.

"Yule pale," akasema Fikirini. "Anamfuata nyuma nyuma. Hataki kijana ajue."

Balaa likaanzia hapo. Kwa miaka miwili watu walimpenda mjomba kuliko Alfredi mwenyewe. Taa ikionekana tu, mabenchi yote yanapiga makofi, na Mama Flora anaacha mihogo yake kwenye mafuta anakimbilia ndani. Fikirini naye akanogewa. Akampa mjomba kikohozi, akampa shamba la mikorosho, akampa na marehemu dada aliyemwachia usia wa kumlinda mtoto. Nyumbani mkewe, Anifa, alimwonya: "Baba Ashraf, huyo mjomba atakuponza."

Mwaka huu wenye gemu wakatoa nyongeza, kisa kipya kizima cha kuendeleza kile cha zamani. Kwa mtandao wetu huu ilishuka siku nne. Mtu mwenye akili angeitazama kwanza peke yake. Fikirini, kwa maringo yake, alizunguka sokoni na kipaza sauti akitangaza kwamba Jumamosi Alfredi na mjomba wanakutana uso kwa uso.

Kweli walikutana. Cecil wa bodaboda ndiye aliyekuwa ameshika padi ya kuchezea. Mjomba akatokea na taa yake, watu wakasimama kushangilia, na mikono ya Alfredi ikanyanyua bunduki ikampiga risasi tatu za kifua.

"Sijabonyeza!" Cecil akapiga ukelele, akaitupa padi. "Wallahi sijabonyeza, imejipiga yenyewe!"

"Amezirai," Fikirini akawahi kusema.

Taa ikapasuka, koti likashika moto.

"Amezirai huku anaungua?" akauliza Mama Flora.

Mzee Awadhi alivua kofia. Mtu kumuua mjomba wake! Kesho yake abiria wawili walikataa kupanda pikipiki ya Cecil. Wengine wakaanza kunong'ona kwamba mkalimani kalikoroga, huenda Kiingereza chenyewe hakijui. Mzee Awadhi akakata shauri: Mwalimu Ethel aletwe, aje asikilize kwa masikio yake.

Siku tatu za kumngoja mwalimu Fikirini hakula vizuri. Hakuogopa kufunga kibanda. Aliwahi kushindwa bodaboda, akashindwa duka, na bado anaishi. Aliogopa kurudi kuwa mtu wa alama kumi na nne. Pale kwenye maikrofoni ndipo mahali pekee duniani ambapo watu walinyamaza ili yeye aseme.

Mwalimu Ethel alifika na mkoba wake na miwani yake.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, Fikirini. Nieleze mmefikia wapi. Siwezi kuingia katikati."

Akaeleza. Alianza kwa kigugumizi, akaja kushika kasi, akafika kwenye usia wa dada na kikohozi cha mjomba kwenye baridi ya handaki. Mwalimu alikuwa anajipepea kwa daftari. Ikafika mahali daftari likatulia. Kisha akajikohoza, akachukua maikrofoni, na gemu likawashwa.

"Anasema, lengo jipya: tafuta fyuzi tatu."

Watu wakangoja.

"Halafu?" akauliza Mama Flora.

"Halafu basi. Fyuzi tatu. Anasema pia risasi zinapungua."

Ilikwenda hivyo nusu saa nzima, fyuzi na risasi, risasi na milango. Mtu mmoja alipiga miayo wazi wazi. Mwishowe mjomba akaanguka tena, na safari hii maneno yake yakasikilizwa.

"Anasema," Mwalimu Ethel alisita kidogo, "'Sikujui wewe. Mimi ni mlinzi wa lango.'"

Kibanda kizima kikamgeukia Fikirini.

"Hakuna mjomba," akasema Fikirini. "Hakuwepo tangu mwanzo. Mzee Awadhi aliuliza yuko wapi, nikaona aibu kusema kijana wa watu hana mtu. Nisameheni."

"Ina maana nililia bure?" Mama Flora akasema, na machozi yakamtoka tena.

Mwalimu Ethel alivua miwani, akaifuta kwa upindo wa khanga, taratibu, kama zamani kabla ya kusoma matokeo.

"Kiingereza chako ni kumi na nne mpaka leo," akasema. "Siongezi hata moja." Kisha akainyooshea televisheni kidole. "Lakini hawa wa kwenye gemu nao! Mtu kauawa mbele ya macho yao, hakuna aliyelia, hakuna aliyeuliza kwao ni wapi, wanakimbilia fyuzi." Akamrudishia Fikirini maikrofoni. "Gari la mwisho la Lulindi linaondoka saa kumi na mbili, na mimi siondoki mjomba hajazikwa."

Fikirini aliishika kwa mikono miwili. "Msiba," akaanza, "uliwekwa nyumbani kwa marehemu dada yake, kule kwenye mikorosho..."

Mzee Awadhi alivua kofia. Huko benchi la nyuma Cecil akanyoosha mkono, akauliza kwa sauti ndogo kama na yeye anaruhusiwa kuhudhuria.