Ngozi Niliyoifua

Mtoto wangu wa kwanza nilimwandalia sanduku la bati kabla hajaanza hata kucheza tumboni. Nilikuwa binti wa mjini Shinyanga. Baba yangu aliuza nguo na chumvi karibu na stesheni, na bidhaa ngeni iliyoshuka kwenye treni haikupoa kabla sijaishika kwa mikono yangu. Kwa hiyo sikumuuliza mtu mtoto mchanga anahitaji nini. Nilijua.

Nilikata mawinda kumi na mawili kutoka kanga kuukuu za mama. Nikachukua fulana mbili za sufu, kofia yenye utepe, chandarua kidogo, beseni la bati lenye maua, sabuni na kijiko cha chai. Juu ya vyote nikaweka chupa ya kunyonyeshea yenye chuchu ya mpira mwekundu, kwa kuwa niliiona mkononi mwa mke wa karani mmoja na usingizi ukaniruka. Mama aliniuliza maziwa yangu mwenyewe nitayapeleka wapi. Nilimjibu kwamba chupa ni ya akiba. Ukweli ni kwamba nilitaka watu wanione nayo.

Miaka ile ya thelathini dhahabu ya Geita ilikuwa imewatia wanaume kiwewe, na mume wangu hakubaki nyuma. Alikuwa akichimba mgodini na kulala kambini, na kwao, kwa mama yake, ilikuwa mwendo wa nusu siku kutoka hapo. Alitaka mtoto azaliwe kwao. Nikapanda treni hadi Mwanza, nikavuka ghuba, kisha nikatembea polepole nyuma ya mpagazi aliyejitwika sanduku langu, tumbo likiwa la miezi saba na kichwa changu kikiwa juu.

Mama mkwe alinipokea kwa mikono miwili. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akanifundisha kusema mwangaluka kama watu wa pale wanavyoamkiana asubuhi. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, mwenye Kiswahili kichache ambacho hakukipoteza ovyo. Kesho yake aliniomba nimwonyeshe nilichomletea mjukuu wake. Nikatandaza vyote kwenye mkeka, nikakaa pembeni nikisubiri sifa.

Alivichambua kama anavyochambua pamba, safi huku, chafu kule. Mawinda aliyaweka kulia, na sabuni pia. Beseni aliligonga kwa kidole, akalisikiliza, likaenda kulia. Chandarua alikisifu kabisa, akasema mbu wa pale hawana adabu. Kofia ilikwenda kushoto. Chupa aliishika kwa muda, akaibonyeza ile chuchu, akauliza kama kuna ndama aliyefiwa na mama yake. Wifi zangu wawili waliokuwa wakipukuchua mahindi mlangoni walicheka mpaka wakaegemeana. Nilikasirika, sitaficha, lakini nilikausha uso.

Ndipo akaingia ndani, akarudi na kitu alichokitoa juu kwenye dari, kwenye moshi. Ilikuwa ngozi ya mbuzi ya kubebea mtoto, yenye kamba nne za ngozi za kufungia begani na kiunoni. Ilikuwa nyeusi kwa siagi na uzee, laini hata ikakunjika mkononi mwake kama kitambaa. Watoto wake wote sita walibebwa nayo. Ukingo wake ulikuwa na vidoti vidogo, akasema ni meno ya mume wangu alipokuwa akiota ya mbele. Aliiweka mapajani pangu. Kwao, bibi mzaa baba ndiye anayetoa ngozi ya mjukuu wa kwanza, na nilielewa kwamba nimepewa kitu kikubwa.

Lakini ilinuka. Ilinuka siagi iliyochacha, moshi na mikojo ya watoto sita. Nilishukuru kwa kupiga magoti, nikaipeleka chumbani, na moyoni nikasema mwanangu hatalala ndani ya harufu hii.

Siku tatu baadaye, wenyewe walipokwenda kuvuna mtama, nilichota maji, nikayapasha moto, nikachukua beseni langu la maua na nusu ya mche wa sabuni. Niliifua ile ngozi. Niliisugua mpaka maji yakatoka meusi, nikamwaga, nikasugua tena. Nilijisifu peke yangu pale uani. Kisha nikaianika kwenye jua kali, juu ya paa la kibanda cha kuku, nikaenda kupumzika.

Nilipoamka ilikuwa imekuwa ubao. Nasema ubao bila kuongeza chumvi: niliisimamisha ukutani, ikasimama. Nilipojaribu kuikunja ililia kama bati. Msichana yeyote wa pale, hata wa miaka mitano, angeniambia kwamba ngozi hailainiki kwa maji na sabuni. Inalainishwa kwa siagi na mikono, siku nyingi, na mtu anayeiosha anaiondolea kazi yote iliyofanywa juu yake. Mimi nilikuwa nimezifua siku zote za mama mkwe kwa asubuhi moja. Niliisukuma chini ya kitanda, nikajiambia nina zaidi ya mwezi mzima wa kutafuta dawa.

Sikuwa na mwezi. Wiki iliyofuata uchungu ulinishika asubuhi nikitwanga, na jua lilipofika utosini mtoto alikuwa amekwisha kuzaliwa, mwanamume, mdogo ajabu. Alikuwa na urefu wa kutoka kiwiko changu hadi kwenye kiganja, na hakulia, alikoroma tu kama paka. Ulikuwa wakati wa kipupwe na upepo ulipita hadi ndani. Fulana zangu za sufu zilimmeza. Midomo yake ilianza kugeuka rangi. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa, maana nilijua tunampoteza.

Mama mkwe alinyoosha mkono bila kunitazama. "Nipe ngozi, mayu."

Mayu ni mama kwa Kisukuma, na ndivyo alivyoniita tangu nilipofika. Nilimwonyesha chini ya kitanda. Wifi mmoja akaivuta, ikakwaruza sakafu kwa kelele ambayo ninaisikia mpaka leo. Mama mkwe aliipapasa, akaweka kidole kwenye vile vidoti vya meno.

"Umeifua."

"Nimeifua, mama."

Nilingoja anifukuze. Angenifukuza nisingemlaumu. Yeye aliiweka kando, akafungua nguo yake kifuani, akamtoa mtoto kwenye zile fulana, akamlaza uchi katikati ya matiti yake makavu, akamfunga hapo kwa kanga yangu mizunguko miwili. Akaketi karibu na moto.

"Ngozi italainika tena," alisema. "Huyu akipoa, hatapata moto tena. Wewe kamua maziwa."

Nilikamua. Ile chupa haikufaa, chuchu yake ilikuwa kubwa kuliko kinywa cha mtoto. Kijiko cha chai ndicho kilichotuokoa, tukimdondoshea tone moja moja. Tulibadilishana vifua, yeye na mimi, siku baada ya siku, na mtoto hakuguswa na upepo hata mara moja. Zamu yake ilipofika, mimi nilikaa mbele yake na ile ngozi. Alinielekeza kwa kidevu, maana mikono yake ilikuwa na kazi. Paka siagi. Finyanga. Kanyaga. Ivute kwenye nguzo ya nyumba huku na huku, kisha anza upya. Viganja vyangu vilichubuka vikapona vikachubuka. Sijawahi kufanya kazi kwa hasira kama ile, na hasira yote ilikuwa juu yangu mwenyewe.

Mume wangu alipopata ruhusa ya kuja, alimkuta mama yake amebeba mtoto kifuani na mkewe akicheza ngoma juu ya ngozi uani. Aliuliza kama mgodini ndiko kwenye wazimu au hapa. Mama yake akamwambia kwa Kisukuma akae chini anyamaze, akakaa. Hakumwambia kwamba niliifua. Hakumwambia mtu mpaka akafa, na wifi zangu nao alishawafunga midomo.

Karibu siku ya arobaini, mtoto alilia kwa sauti nzima akitaka titi. Mama mkwe aliichukua ngozi, akaifumbata kwenye kiganja kimoja, akaipitisha shavuni. Kisha akaniinamisha, akamlaza mtoto mgongoni pangu, akamfunika kwa ngozi na kukaza kamba zote nne kwa mikono yake mwenyewe. Nilinuka siagi na moshi kuanzia siku hiyo, na sikutaka harufu nyingine.

Yule mtoto sasa ana mvi na kitambi, na ukingo wa ngozi una meno yake karibu na ya baba yake. Wake wa wajukuu zangu huja na mabegi yao, nami natandaza mkeka na kuchambua: mawinda kulia, kijiko kulia, vya kujionyesha kushoto. Mwisho ninaiteremsha ngozi. Wanaipokea kwa heshima, lakini naiona pua inavyokunjamana, na hakosekani mmoja wa kuniuliza kwa upole kama imewahi kufuliwa.

Namjibu: mara moja tu.