Vipimo vya Kaka

Laiti ningekataa siku ile kaka yangu aliponikabidhi karatasi yake na jagi lake la plastiki. Tulikuwa tumetoka kwenye zahanati moja ya Kawangware, ambako watafiti walikuwa wakiandikisha wanaume waliopita miaka sitini, wenye shida ya mkojo na wasio nayo. Kwa siku tatu kila mmoja wetu angekojoa ndani ya jagi lenye alama, asome kiasi na kukiandika pamoja na saa. Ambao karatasi zao zingeonyesha kasoro wangeitwa kupimwa damu na tezi dume.

Mimi nilipanga Kabiro, hapo hapo Kawangware, nyumba yenye choo ndani. Kaka alikaa Kibera, upande wa kuelekea Ayany, na choo cha ploti, walichotumia wapangaji wote, kilikuwa ng'ambo ya uwanja ambapo kina mama walifua nguo tangu asubuhi. Alisema hawezi kupita mbele yao na jagi mkononi mchana kutwa kama muuza maziwa, yeye ambaye wapangaji walimfanya mwenyekiti wao.

"Kijana, wewe pima yako, ujaze na yangu," alisema. Aliniita kijana hata nilipoota mvi. "Si tumezaliwa tumbo moja? Hata mkojo ni wa ukoo."

Nilicheka, nikachukua.

Na nilijua mkojo ulimsumbua. Nilikuwa nimewahi kumngoja nje ya choo kile mpaka majirani wakagonga mlango. Niliona pia kwamba siku hizo alivaa suruali nyeusi tu. Lakini yeye ndiye aliyeacha shule ili mimi nifike kidato cha nne, na sikuwa nimewahi kumkatalia jambo.

Basi nilikojoa mara moja, nikaandika mara mbili. Ili vipimo visifanane nilipunguza mililita ishirini hapa, nikaongeza thelathini pale, nikasogeza saa. Hata kalamu nilibadilisha. Muuguzi aliyepokea karatasi zetu aliisifu ya kaka, akasema huyu mzee anajua kazi. Kaka aliwekwa kundi la wasio na shida. Hakuitwa.

Miezi minane baadaye mkojo ulifunga kabisa. Shemeji, mke wake, alinipigia simu, nikamkuta kaka ameinama ukingoni mwa kitanda, jasho linamtiririka, tumbo la chini limevimba. Hospitalini walimtia mpira wa mkojo, wakampima. Saratani ya tezi dume ilikuwa imeshafika kwenye mifupa ya nyonga. Daktari aliletewa ile karatasi kutoka zahanati, akaisoma, akauliza inakuwaje mtu aliyekojoa vizuri hivi afikie hali hii kabla ya mwaka kuisha.

Kaka alinitazama kidogo.

"Nilikosea kupima, daktari," alisema.

Nilikuwa nimesimama hapo hapo, nimeshika mfuko wake wa mkojo, nikamwacha daktari aandike hivyo.

Tulimzika mvua za masika zikiendelea. Wiki mbili baadaye nilimweleza shemeji kila kitu. Alinisikiliza mpaka mwisho, hakulia, akaingia ndani na kufunga mlango.

Kwa kujaza karatasi ile nilimpoteza kaka yangu, ambaye pengine angetibiwa mapema akapona. Na nyumbani kwake, nilikoingia bila kubisha kwa miaka arobaini, sikaribishwi tena.