Wakorea wa Bonde la Ruzizi

Wakati wa vita vya pili vya Kongo, watu wenye bunduki walipopora chuo kimoja cha Uvira, walibeba viti, wakabeba mapazia, na kwa sababu wasiyoijua hata wao wenyewe wakabeba kitabu cha mwalimu Anastase. Kozi yake nzima ya Tamaduni za Asia ya Mashariki ilikuwa humo.

Baada ya wiki tatu kitabu kilionekana sokoni Mulongwe, ukurasa mmoja mmoja, kikifungiwa karanga. Anastase akanunua karanga, akazila mpaka tumbo likamkataa. Aliokoa kurasa nne, na mbili kati ya hizo zilikuwa faharasa.

Mtu mwingine angeacha. Lakini kozi hiyo ndiyo iliyomfanya aitwe profesa hata na waendesha pikipiki, naye alilipenda jina hilo kuliko chakula. Basi kila alipokosa mila ya Mkorea, alichota ya nyanya yake, aliyemwita koko, mkulima wa bonde la Ruzizi, akaihamishia Seoul. Alifundisha kwamba Mkorea humpa mkubwa wake kitu kwa mkono wa kulia, wa kushoto umeshika kiwiko. Akafundisha pia kwamba anayempa mgeni pombe huionja kwanza, mgeni aone haina sumu. Mwanafunzi wake hodari, Pudentienne, aliandika yote, akishangaa kimoyomoyo jinsi Wakorea walivyofanana na shangazi zake.

Kisha kipindupindu kikamleta mjini Daktari Seo, mama wa makamo kutoka Korea yenyewe, na mkuu wa chuo akamwalika darasani. Mkuu hakuficha neno: mgeni akiisifu kozi, itabaki, akiicheka, itafutwa. Anastase aliogopa kuliko siku ya risasi.

Asubuhi ya mwaliko Pudentienne akasimama, akampa daktari mfuko wa karanga, mkono wa kulia mbele, wa kushoto kwenye kiwiko. Daktari akainuka upesi, akapokea vilevile. Machozi yakimlengalenga, akasema kwa Kifaransa kwamba hivyo ndivyo alivyolelewa na mama yake. Anastase akashusha pumzi. Kumbe alikuwa amefundisha kweli bila kujua. Kidevu chake kikaanza kupanda.

Ndipo Pudentienne akamimina kasiksi, pombe ya ndizi, akapiga funda moja kubwa, na kumkabidhi mgeni kilichobaki.

Daktari akatazama kikombe, akamtazama profesa, akauliza kama na hii ni mila ya Korea.

Mkuu alikuwa mlangoni. Uongo ulikuwa tayari mdomoni mwa profesa, umekamilika, una hata jina la mfalme. Lakini yule mama alikuwa bado amezikumbatia karanga zake, na Anastase akaona haya. Kifaransa kikamkimbia.

“Hapana, mama,” akasema. “Ile iko ya kwa koko yangu, kule Ruzizi. Na ile ya mikono iko yake. Ya kwenu, minye sijue.”

Pudentienne akatafsiri, bila kumpunguzia hata neno. Daktari akakinywa kikombe chote. Kisha akamwambia mkuu kwamba kozi ibaki: mila za Korea atazifundisha yeye kila Alhamisi, za nyanya atazifundisha Anastase, na Alhamisi Anastase akae na wanafunzi.

Akakaa benchi la mbele miezi mitano, na daftari jipya. Mwisho wa mwaka alipata kumi na mbili juu ya ishirini. Pudentienne, aliyepata kumi na saba, ndiye aliyegawa karatasi za alama, na ya Anastase alimpa kwa mkono mmoja tu, kama mtu anavyompa mwenzake wa darasa.